Mwaka Ambao Hatukuwa Gazetini

Mama yangu alikufa mvua zikianza, na kabla ya saa sita mchana binamu yangu alikuwa ameshamtengeneza kwa simu. Alichukua picha ya mama aliyopigwa kwenye harusi ya watu wengine, akamkata kutoka kwa meza ya wali, akampandisha mawinguni, akamwekea njiwa na mshumaa usioisha, akaandika jina kwa rangi ya dhahabu, akamtuma kwa kikundi cha familia. Watu wakajibu kwa vimikono vya kuomba. Kikundi kikaendelea na maisha yake. Kufikia wakati wa chai ya jioni mama alikuwa amefunikwa na tangazo la ploti za Kitengela, mbuzi anayecheza densi, sauti ya mjomba akikohoa kabla ya kusema neno, na mtu aliyeuliza kama kuna anayejua fundi wa friji. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki nje ya mochari, navuta simu kwa kidole, navuta, navuta, namtafuta mama. Binti yangu Zawadi, ambaye hajui kusoma lakini anajua simu kuliko mimi, akaniambia, "Mami, shosho amepotea huko juu."

Nilitaka kumpiga mtu. Sikuwa na wa kumpiga, kwa hivyo kesho yake niliteremka Dagoretti Corner kutafuta gazeti. Pale Njuguna, muuza magazeti wa zamani, alipokuwa akiyatandaza chini juu ya gunia, mawe madogo juu ya kila moja ili upepo usiyachukue, sasa kuna kijana anauza vioo na vifuniko vya simu. Nilimuuliza gazeti linapatikana wapi. Akaniangalia kama nimeuliza mafuta ya taa ya koroboi. "Gazeti? Madam, habari si iko tu kwa simu?" Nikamwambia mama yangu amekufa, namtafutia mahali pa kukaa. Akasema pole, akanionyesha duka kubwa lililo mbele, huko nikapata magazeti machache kando ya mkaa wa kuchomea nyama, membamba, yamejikunja kama yanaona haya. Nilinunua moja nikalifungua papo hapo kwenye njia ya watu na toroli zao. Harufu bado ni ile. Nikaenda moja kwa moja kwa kurasa za vifo, nikakuta zimebaki chache sana, na nikakumbuka mwaka niliokuwa kidato cha nne, mwaka ambao mimi na mama tulitafuta nafasi kwenye kurasa hizo kama watu wengine wanavyotafuta kazi.

Tuliishi Woodley, kwa kile chumba cha nyuma ambacho zamani kilijengewa mfanyakazi, mwenye nyumba wetu akiwa Mama Wambui aliyekaa nyumba ya mbele. Chumba kimoja, pazia katikati, dirisha linaloangalia kamba ya nguo. Sitaeleza baba na mama walikutana vipi. Hiyo si kazi yangu. Ng'ombe walipelekwa kwao mama, wajomba wakala wakashiba, basi. Baba alikuwa na nyumba nyingine Kitisuru, yenye geti na miti, na sisi tulikuwa na Jumamosi. Alikuja asubuhi na magazeti kwapani, la Kiingereza na la Kiswahili, bado yana baridi ya nje, na kabla hajavua koti mama alikuwa ameshapangusa meza. Hakuna mtu aliyeruhusiwa kuweka kikombe juu ya gazeti ambalo halijasomwa. Baba aliligawa kama mtu anayekata kuku: yeye sehemu ya kati, mimi kurasa za watoto na barua za wasomaji, mama zenye picha, kwa sababu kusoma kwake kulikuwa kwa Biblia ya kwao na Kiswahili cha polepole. Halafu tulibadilishana. Chai, mihogo ya kuchemsha, na ile sauti ya karatasi kubwa ikigeuzwa, sauti ambayo simu haina na haitakuwa nayo. Vidole vyangu vya gumba vilikuwa vyeusi mpaka Jumatatu na sikuviosha makusudi. Gazeti lilikuwa na mwisho. Ukifika ukurasa wa nyuma, kwa mpira, umemaliza dunia ya siku hiyo, unaweza kwenda kufua.

Lakini baba alianza na vifo. Kila mara. "Wacha kwanza nione kama niko," alisema, na mama alimjibu bila kuinua macho kwa mihogo, "Hosea, utajiita mpaka uitikiwe." Baba akacheka. Ni yeye aliyenifundisha kusoma tangazo la kifo. Aliweka kidole kwenye majina na kuniambia nisiangalie picha, picha ni ya watu wasiojua kusoma. "Angalia mume wa nani. Angalia nani ameandikwa wa kwanza, nani wa pili. Watoto wamehesabiwa wote ama kuna mmoja ameachwa nje? Hapo ndipo kesi za shamba zinaanzia, Nafula. Watu wanapigana kaburini, lakini vita vilianzia hapa kwa gazeti." Alinieleza kama mwalimu, kwa furaha, na chai yake mkononi. Leo nikifikiria hilo nasikia moto kwenye kifua. Mwanamume mwenye nyumba mbili, anamfundisha mtoto wa nyumba ya pili jinsi ya kutambua aliyeachwa nje, na haoni. Ama aliona. Nimemuuliza hilo swali mara nyingi kuliko nilivyowahi kumwombea.

Halafu Jumamosi zikaanza kupita bila yeye. Simu yake ikawa ya yule mwanamke wa kusema mteja hapatikani. Mama aliendelea kupangusa meza. Siku moja, natoka shule na sare yangu, nilisimama kwa Njuguna kama kawaida. Njuguna aliniachia nisome bure kwa sababu mama alikuwa akimpa samaki. Kibanda cha mama cha kukaanga kilikuwa ng'ambo ya barabara. Watu walikuwa wamechuchumaa pale wakisoma vichwa vya habari na kubishana juu ya serikali bila kununua, Njuguna akiwatukana kwa upole: "Someni, someni, mkimaliza mnilipe kwa amina." Mimi nikafungua kurasa za vifo kwa mazoea ya baba. Nikamkuta. Amevaa lile koti lake la kijivu, anatabasamu kidogo, na begani kwake kuna vidole vinne vya mwanamke bila mwanamke.

Nilivijua vile vidole. Picha ile tulipigwa studio ya mjini, baba amekaa, mimi upande mmoja, mama amesimama nyuma na mkono wake begani kwa baba. Baba alikaa na nakala yake. Watu wa Kitisuru wakati wa kutafuta picha nzuri waliipata, nafikiri mfukoni au kwa droo ya ofisi, wakaipenda kwa sababu kweli alikuwa ametulia, wakatukata. Ila hawakuweza kukata vidole bila kukata bega. Nikaanza kusoma majina jinsi nilivyofundishwa. Mume wa fulani. Baba wa fulani na fulani na fulani. Mkwe wa, shemeji wa, babu wa. Walikuwepo watu ambao baba hakuwahi kuwataja, walikuwepo wajukuu wa ng'ambo. Nilisoma mpaka chini kwenye siku ya mazishi, Jumamosi inayokuja, Busia, nikarudi juu, nikasoma tena kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye mfuko ambao ameshautoa wote nje. Hatukuwemo.

"Nini, msichana?" Njuguna akaniuliza. Nikamwambia nataka kulinunua hilo. Akaniangalia uso, akanipa.

Mama alikuwa anageuza samaki kwenye karai. Nilimpa ukurasa, akaufuta mkono kwa leso kabla ya kuushika. Aliangalia picha muda mrefu. Kisha akaangalia vidole vyake mwenyewe. "Nisomee," akasema. Nikamsomea, natafsiri Kiingereza kwenda Kiswahili, na mafuta yanachemka. Nilipofika mahali panaposema amefariki baada ya kuugua kwa muda mfupi, akanizuia.

"Kuugua nini?"

"Haijasema."

"Muda mfupi ni siku ngapi?"

"Mama, haijasema."

"Soma tena hapo."

Nikasoma tena. Samaki akaungua. Mama hakulia. Mteja akaja, akafungiwa samaki mwingine, akarudishiwa chenji sawasawa.

Tangazo lilisema waombolezaji wanakutana kila jioni nyumbani Kitisuru. Mama akavaa kitenge chake cha kanisa akaenda peke yake, akanikatalia kumfuata. Nilimngoja na chakula mezani, ugali na sukuma, na ulikuwa usiku mkubwa alipoingia akakaa kitandani akivua viatu. Mikono yake ilinuka vitunguu. Aliniambia polepole, akinieleza kama habari ya mtu mwingine. Askari wa geti alimuuliza, "Mama, wewe ni wa jikoni?" Kabla hajajibu akafunguliwa mlango mdogo akaonyeshwa njia ya nyuma. Huko akakuta wanawake wa kanisa na sufuria kubwa za kukodi. Mtu akampa kisu. "Nilifikiri nikimaliza hii beseni moja nitasema mimi ni nani," mama aliniambia. "Nikamaliza. Wakaniletea nyingine." Alimenya viazi vya matanga ya mume wake mwenyewe. Aliwapelekea wageni chai kwenye trei, akapita mbele ya mke mkubwa aliyekaa sofa kubwa, ameshikwa mikono huku na huku, akimweleza kila anayeingia jinsi mzee alivyoanza kuugua. Mama akasimama na trei asikie. Mwanamke mmoja akamwambia, "Dada, sukari iko wapi?" Akaenda kuleta sukari. Aliporudi hadithi ilikuwa imeisha.

Mtu asiyetoka kwetu anaweza kudhani hayo ni mambo madogo. Kwetu aliyefiwa hukaa, na watu humjia. Mtu anakushika mkono anasema pole, halafu anauliza, ilikuwaje? Na wewe unaanza mwanzo. Alianza na kichwa, siku fulani, tukafikiri ni malaria. Anakuja mwingine, unaanza tena. Unaisema mpaka hadithi inalainika mdomoni, na ndivyo msiba unavyopunguzwa, kidogo kwa kila anayekuja. Mama hakuwa na wa kumuuliza. Na kama angeulizwa, hakuwa na hadithi. Alikuwa na maneno matatu ya gazeti tu: kuugua muda mfupi.

Asubuhi yake hakunipeleka shule, alinipeleka mjini. Ofisi ya gazeti ilikuwa na kaunta ya matangazo pale chini, sakafu inayong'aa mpaka unaona chupi yako, na watu kwenye mstari wameshika picha za marehemu wao kama watu wanaongoja kupigiwa mhuri. Mama aliweka picha yetu nzima kwenye kaunta. Kijana wa tai alikuwa mpole, hilo sitamnyima.

"Poleni. Kibali cha mazishi?"

"Kiko kwa wenye mwili," mama akasema.

Akatazama kompyuta, akaandika jina, akatazama tena. "Mama, huyu mzee tumeshamtangaza."

"Mmetangaza nusu. Mimi ni mke wake. Huyu ni mtoto wake. Andika hapo chini, hata kwa herufi ndogo."

"Wenye mwili ndio hutangaza, mama. Nikiweka mimi, bosi anaitwa kortini."

"Hao wana mwili. Mimi nilikuwa na mtu. Mwenye mtu anaandikwa wapi?"

Kijana akavua miwani akaipangusa kwa tai. Halafu akasema kwa sauti ya chini kwamba kuna zile za kumbukumbu. Mwaka ukiisha, mtu yeyote anaweza kuweka kumbukumbu ya mtu yeyote. Kitambulisho, picha na malipo, hakuna kibali. "Mtu yeyote?" mama akauliza. "Yeyote, mama. Kukumbuka hakuna mwenyewe." Mama akaichukua picha, akaifunga kwa leso. "Basi mwaka si mbali," akasema, na tukatoka nje kwa jua na kelele za mjini. Nilimuona amebadilika mwendo. Alikuwa anatembea kama mtu mwenye miadi.

Mjomba alipiga simu akasema tusithubutu kwenda Busia, tutaaibishwa mbele ya watu na hakuna atakayetushika mkono. Jumamosi ya mazishi mama alikaanga samaki. Mteja mmoja wa kila siku akamtania, "Mama Nafula, leo umeninyima hata matusi?" Akacheka kidogo. Nilikuwa nyuma ya kibanda napara magamba, na saa ambayo gazeti lilisema mwili utashushwa kaburini nilimwona anatazama saa ya mkono ya mteja, anamhesabia chenji, anatazama tena.

Kwa ploti tulimwambia Mama Wambui peke yake. Alisema pole, akaleta maziwa, kisha akauliza mbona tuko hapa na mazishi ni kule. Mama akachukua sufuria akaenda kuchemsha maziwa. Kuta za Woodley ni nzito lakini dirisha la jikoni la Mama Wambui lilifungukia kamba yetu ya nguo, na siku hiyo hiyo nikiwa naanua sare nilimsikia akiongea na dadake kwa simu. "Si alikuwa anakuja tu Jumamosi. Sasa hiyo ni bwana ama ni mgeni? Mimi nimeangalia gazeti yote, jina yake haiko. Watoto wa ng'ambo wako, mpaka shemeji ako. Huyu hayuko. Sasa mimi nimpe pole ya nani?" Hakuwa mwanamke mbaya. Maziwa aliyaleta kweli. Lakini hivyo ndivyo gazeti lilivyokuwa siku hizo: lilikuwa ushahidi. Leo mtu yeyote anajiandika popote, asubuhi yuko, jioni amefuta. Baba yake Zawadi ana nyumba nyingine Rongai, na picha zao naziona kwa simu, wamevaa kitenge cha kufanana, na kila ninapowasha wako tena wakicheka. Mimi pia ningeweza kuweka yangu. Nani angeamini? Nani angesimama nayo mkononi akaisoma mpaka mwisho?

Mwaka huo wote meza yetu haikuona gazeti. Mama aliacha hata kuyanunua ya kilo ya kufungia samaki; akawa anafungia kwa kurasa za vitabu vya zamani vya hesabu, watu wakala samaki na aljebra. Mimi nilikuwa na kiu. Nilisimama kwa Njuguna kila jioni kama mlevi wa mlangoni, nikisoma haraka, nikirudi nyumbani na habari kichwani nisizoweza kumwambia mtu. Kile mama alichotaka kutoka kwangu kilikuwa maneno. Kila mlo tulitunga. Alikuwa amesikia kwamba nafasi inapimwa kwa urefu na safu, kwa hivyo kila neno aliliweka kwenye mizani. Anakula, halafu: "Toa 'mpendwa.' Kama hakuwa mpendwa nani angemkumbuka?" Natoa. Siku nyingine: "Rudisha 'mpendwa.'" Nilitaka tuandike mume. Alisema, "Hapana, andika mume wa nani, jina langu, Nabwire, lile la kitambulisho." Nilitaka tuandike kitu cha kuwauma wa Kitisuru, na nilikuwa na maneno, nilikuwa nimeyanoa. Alikataa. "Sitaki wasome wao. Wao wanajua. Nataka asome mtu asiyenijua."

Nilifanya mtihani. Matokeo yalitoka, na nikapata ya kuniingiza chuo cha uuguzi, nikaitwa. Wakati huo huo zamu ya mama ya kupokea pesa za chama cha wanawake wa kanisa ikafika. Nilijua pesa hizo zitaenda wapi, na yeye alijua ninajua. Tulikula maharagwe, nakumbuka, kwa sababu nilikuwa nayahesabu ili nisimwangalie.

"Mama, hiyo ni karatasi. Kesho yake inafungia mtu nyama."

"Mimi ndiye wa kuambiwa gazeti inafungia nini?"

"Na mimi je?"

"Wewe una miaka. Utaenda mwaka ujao."

"Na usipopata tena?"

"Nafula." Aliweka kijiko chini. "Mimi nimekaa mwaka mzima kama mtu ambaye hajafiwa. Unajua hiyo ni nini? Nikipita, watu wananisalimia. Wananisalimia tu."

Sikwenda mwaka uliofuata, wala ule mwingine. Leo nasuka nywele Kawangware, na kila nikimnywesha Zawadi dawa ya kikohozi kwa kijiko nadhani ningekuwa na sindano na sare nyeupe. Nilimchukia mama kwa hilo. Tulizika kila kitu mwezi uliopita lakini hilo sikulizika, na watu wanaoniambia eti mzazi akifa unasamehe yote, waje wanisuke wao.

Siku yenyewe tulifika kwa Njuguna kabla hajakata kamba ya bunda la magazeti. Mama alivaa kitenge cha kanisa na kitambaa cheusi kichwani, kitambaa cha mjane, mara yake ya kwanza kukivaa. Watu wa kwenda kazini walikuwa wamejaa, wanaume wa mjengo na koleo zao, wanawake wa ofisi na viatu vya kutembelea. Njuguna akakata kamba, akanipa la juu. Nilifungua. Tulikuwepo. Safu ya kushoto, chini, sisi watatu, mama amesimama nyuma. Wino ulikuwa umezidi kidogo usoni kwangu, lakini jina lilisomeka.

"Soma," mama akasema.

"Hapa?"

"Soma kwa nguvu."

Nikasoma. Kwa kumbukumbu ya Hosea Wandera, mume wa Nabwire, baba wa Nafula. Ni mwaka tangu ulipotuacha. Mwanamume aliyekuwa amechuchumaa karibu, anasoma bure mambo ya mpira, akainua kichwa. Alikuwa na koti la manjano la wanaotengeneza barabara. Akatazama gazeti, akatazama kitambaa cha mama, akatazama tena picha. Akasimama, akapangusa mkono kwa suruali.

"Pole sana, mama. Huyu ndiye alikuwa mzee wako?"

"Ndiye," mama akasema. "Alikuwa mzee wangu."

Akamshika mkono, na mama akaukamata ule mkono kama kamba ya kisima. Mwanamke wa ofisi naye akasogea, pole mama, Mungu ni mwema. Njuguna, ambaye kila siku alikuwa akila samaki wetu na hakuwahi kuniuliza kwa nini nilinunua lile gazeti, akavua kofia. Watu wetu hawawezi kupita msiba. Wakiona mtu ameshikwa mkono nao wanasimama kushika.

"Ilikuwaje?" mwanamume wa koti la manjano akauliza.

Nilimtazama mama. Sisi hatukujua ilikuwaje. Sijui mpaka leo. Mama akarekebisha kitambaa chake cheusi.

"Ilianza na homa," akasema. "Ilikuwa Jumanne, akarudi kutoka kazini akaniambia, Nabwire, kichwa. Nikampikia uji wa wimbi. Akaonja akakataa. Nikamwambia twende hospitali, akasema kesho."

"Wanaume," mwanamke wa ofisi akasema. "Kesho, kesho."

"Si ndiyo! Kesho. Nikamfunika blanketi. Nikakaa na yeye."

Akaja mwingine, akauliza, na mama akaanza tena, homa, uji, blanketi, na mara hii kulikuwa na kitambaa cha maji ya baridi. Akaja wa tatu. Hadithi ilikuwa inalainika. Sauti yake ilishuka, mabega yakashuka, machozi yakaanza kumtoka bila kelele huku anaeleza, na hakuyapangusa. Nilisimama kando, chuo changu cha uuguzi kimechapwa kwa wino chini ya kwapa langu, na hasira imenijaa mpaka masikioni. Nilitaka kupiga kelele kwamba hakuna uji uliopikwa, hakuna blanketi, kwamba huyu mwanamke alimenya viazi.

"Mtoto ndiye alikimbia kutafuta gari," nikamsikia anasema. "Huyu Nafula. Alikimbia mpaka barabarani bila viatu."

Wote wakageuka kuniangalia. Mwanamume wa koti la manjano akanishika mkono, kiganja chake kigumu kama ubao.

"Pole, msichana. Ulipata gari?"

Mama alikuwa ananitazama.

"Nilipata," nikasema. "Lakini tulichelewa."